Goma: kiraka cha mita 1,000

Wadau, leo tuweke kodi kando tuongee habari za ndege. Pima kwenye ramani: kutoka hapa Matungu hadi Goma, Kongo, ni kama kilomita 620 kwa mstari ulionyooka. Mombasa ni zaidi ya 750. Kwa hiyo hizi ni habari za jirani.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava yake ni nyepesi, hukimbia kama uji. Ilikata mji katikati mpaka Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, Rwanda, na kama 120,000 wakabaki bila makao. Uwanja wa ndege haukupona. Barabara ya kurukia ilikuwa na mita 3,000. Lava ikafunika kama 1,000 upande wa kaskazini, ikapoa, ikawa jiwe.

Ndege zikaendelea na mita 2,000 zilizobaki. Wangefanyaje? Kutoka Goma kwenda Kisangani au Kinshasa gari si tegemeo. Misaada, dawa na wafanyabiashara, wote walitegemea anga.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Mfumo ukianguka usiku unabandika kiraka, unasema nitarudi. Kikifanya kazi, harudi mtu.

Tarehe 15 Aprili 2008, miaka 6 baadaye, jiwe lilikuwa bado pale. DC-9 ya Hewa Bora ilijaribu kupaa kuelekea kusini, ikashindwa, ikapitiliza mwisho wa barabara na kuingia mtaa wa Birere, penye soko. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao siyo abiria, walikuwa chini kwenye shughuli zao. Sisemi lava ndiyo iliyoiangusha. Nasema hivi: bila lile jiwe kungekuwa na mita 1,000 zaidi za kukimbia, au za kusimama.

Linganisha na Sendai, Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliujaza uwanja matope na magari. Kilomita kama 80 kusini, kinu cha nyuklia cha Fukushima kilikuwa kinaharibika, na ndege zikakatazwa kuruka ndani ya kilomita 30 kutoka kinu hicho. Hata hivyo ndege ya kijeshi ya Marekani ilitua Sendai siku ya 5, na abiria walirudi tarehe 13 Aprili.

Ni kweli tope huzolewa, lava hupasuliwa. Na Japani ilikuwa na pesa na serikali, wakati Goma ya 2002 ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, katikati ya vita.

Nyiragongo ulirudi tarehe 22 Mei 2021, lava ikafika karibu na uwanja. Januari 2025 M23 walipoteka mji, uwanja ukafungwa tena, safari hii kwa bunduki.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia uwanja umefunguliwa baada ya maafa, usiulize tarehe tu. Uliza umefunguliwa ukiwa umepungukiwa nini, na nani ameandikiwa kazi ya kukirudisha.