Simba na Yanga: historia ya watani wawili, na Jumapili ile tuliyogombana

Leo hatuandiki juu ya kambi wala juu ya karatasi. Tunaandika juu ya mpira, kwa sababu mpira ulikaribia kutuvunjia kikundi.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023. Huko Dar es Salaam Yanga waliifunga Simba mabao 5-1. Wenzetu wa Muyinga walikuwa kwenye banda la video. Sisi wa Gishubi tulikuwa watu tisa juu ya simu moja, bando la kuchangiana, picha inakwama kila saa. Mpaka bao la tatu tulikuwa tunacheka. Mashabiki wa Yanga waliimba, wa Simba wakasingizia refa. Baada ya bao la tano kijana mmoja wa Yanga akamwambia mwenzake wa Simba: "Nyie watu wa kule mmezoea kukimbia tu." Yule hakujibu kuhusu mpira. Alijibu kwa kutaja kabila. Neno lenyewe hatutaliandika hapa. Sisi wote tulikimbia Kongo, na wengi wetu tunajua maneno ya namna ile yaliwafikisha wapi watu wetu.

Wawili waliondoka usiku ule. Mmoja aliondoka na mpira, maana ulikuwa wake. Wiki tano hatukukutana. Kwenye kundi letu la simu kila mtu alisoma, hakuna aliyeandika.

Mzee mmoja jirani yetu hapa Gishubi, aliyewahi kukaa ukimbizini Kigoma miaka mingi, alitusikia akauliza: "Hao Simba na Yanga Watanzania wanawaita nani?" Tukasema: watani wa jadi. Akauliza: "Mnajua mtani ni nani?" Hapo tukakwama. Tukaamua kutafuta historia, tuwalinganishe hawa wawili vizuri, bila kelele.

Kwanza, walitoka wapi. Yanga, yaani Young Africans, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa timu ya pili. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba haikutoka mbali: ni watu waliojitenga na wenzao wa timu ile ya kwanza. Iliitwa Queens, halafu Eagles, halafu Sunderland kwa jina la timu ya Uingereza. Mwaka 1971, zamani za kuacha majina ya wakoloni, ikawa Simba. Kwa hiyo hawa si watu wa nchi mbili. Ni watu wa nyumba moja waliogombana, mmoja akahama, lakini hakuhamia mbali: Simba makao yao ni mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na Yanga wako Jangwani. Unatoka kwa mmoja unafika kwa mwingine kwa miguu.

Pili, nani mkubwa? Hapa ndipo watu hukosana, basi tuweke hesabu mezani. Ubingwa wa Tanzania, mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25, Yanga wameuchukua mara 31 na Simba mara 22. Hapo Yanga wako mbele, hakuna ubishi. Lakini Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, ambalo sasa linaitwa Kombe la Kagame, Simba wamelibeba mara 6 na Yanga mara 5. Kwenye mashindano ya Afrika, Simba walifika nusu fainali ya klabu bingwa mwaka 1974, na mwaka 2003 waliwatoa Zamalek ya Misri waliokuwa mabingwa watetezi. Walicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, zote wakapoteza. Yanga nao walifika fainali ya Shirikisho mwaka 2023, wakapoteza kwa sheria ya bao la ugenini.

Na kufungana? Yanga waliwapiga Simba 5-0 mwaka 1968. Tarehe 19 Julai 1977 Simba wakalipa kwa 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake mabao matatu. Mwaka 2012 Simba tena, 5-0. Halafu 2023, ile 5-1 yetu ya machozi. Ukiisoma hesabu hii mpaka mwisho unaona kitu: kila aliyecheka, alikuja kuchekwa. Hakuna mtoto wa Simba wala wa Yanga aliyezeeka bila kuonja yote mawili.

Tatu, na hapa ndipo historia inatugusa sisi: timu hizi zinabebwa pia na watu wa huku kwetu. Mrundi Amissi Tambwe alikuwa Vital'O ya Bujumbura ilipochukua Kombe la Kagame mwaka 2013 huko Sudan. Simba wakamchukua, na msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi. Desemba 2014 akahamia Yanga. Msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, safari hii kwa jezi ya kijani. Mtu yuleyule, miguu ileile. Waliomtukana wakampigia makofi, na waliompigia makofi wakamtukana.

Saidi Ntibazonkiza, wengi wanamwita Saido, Mrundi pia, alipita njia hiyo kinyume: Yanga kwanza, halafu Geita Gold, halafu Simba. Msimu wa 2022/23 alimaliza na mabao 17. Na nani alikuwa naye sawa kileleni, mabao 17? Fiston Mayele wa Yanga, Mkongomani. Yaani mwaka ule ligi ya Tanzania ilikuwa na wafungaji bora wawili, Mrundi mmoja na Mkongomani mmoja, mmoja Simba na mmoja Yanga. Hata mabao mawili ya Yanga katika ile fainali ya 2023 yalifungwa na Wakongomani: Mayele pale Dar es Salaam, na Djuma Shabani kwa penalti kule Algiers. Na katika ile 5-1 iliyotugombanisha, Maxi Nzengeli, Mkongomani, alifunga mawili.

Tulipofika hapo kwenye kusoma, tulinyamaza kidogo. Kijana wetu alitukanwa asili yake kwa ajili ya mechi ambayo mtu wa nchi yake ndiye aliyeshangiliwa.

Tukumbuke na hili. Agosti 2024 Vital'O walikutana na Yanga katika klabu bingwa Afrika. Mechi zote mbili, hata ile ya "nyumbani" kwa Vital'O, zilichezwa Dar es Salaam. Wakafungwa 4-0, halafu 6-0. Majirani zetu Warundi waliumia kabisa. Sisi tuliwaelewa zaidi ya watu wengine. Kuwa mwenyeji katika nyumba ya mwingine, hiyo tunaijua.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Utani si matusi tu. Ni desturi ya zamani ya watu wa Tanzania. Wangoni na Wahehe, kwa mfano, walipigana vita vikali karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukucheka, kukunyang'anya kitu kwa mzaha, hata kukuita mwoga mbele ya watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo iko na deni lake. Ukifiwa, mtani anakuja. Anafanya kazi za msibani, anawachekesha wafiwa wapate kupumua. Anayekucheka ni yuleyule anayekusaidia kuzika. Asiyekuja msibani si mtani, ni adui tu anayecheka.

Hatusemi Simba na Yanga ni malaika. Mechi yao ya tarehe 8 Machi 2025 haikuchezwa: Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakakataa kucheza. Ugomvi ukaenda miezi mitatu na zaidi, vikao na barua. Lakini mwisho walirudi uwanjani tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0 wakachukua ubingwa. Walirudi kwa sababu Simba bila Yanga ni timu inayocheza na nani? Na Yanga bila Simba atamcheka nani?

Sisi je, tulifanya nini? Tulimtuma dada mmoja wa kikundi, ambaye hana timu kabisa, akawaone wale wawili kila mmoja nyumbani kwake. Mmoja alirudi wiki ileile, yule mwenye mpira. Aliyetaja kabila alichukua muda zaidi. Mwezi wa kwanza mama yake mdogo alifariki. Waliokwenda kuchota maji na kupanga viti, wa kwanza kufika, walikuwa mashabiki wa Yanga, na yule aliyesema "mmezoea kukimbia" alikuwa kati yao. Hakuomba msamaha kwa hotuba. Alibeba madumu. Jioni yule wa Simba akamwambia: "Hata maji unabeba kama beki wa Yanga." Watu wakacheka pale msibani, na kazi ikaendelea.

Tangu siku ile tuko na sheria tatu. Utani unaishia kwenye jezi: hakuna kutaja kabila, wala eneo, wala njia mtu aliyokimbilia. Timu zetu za Jumamosi tunazigawa kwa kura, si kwa mahali watu walipotoka. Na anayemcheka mwenzake Jumapili, mwenzake akipata shida Jumatatu, yeye ndiye wa kwanza kwenda.

Na ninyi mnaofanya kazi na vijana, tunawaomba kitu kidogo. Mkileta mashindano ya amani, msituandikie timu ya watu wa huku dhidi ya timu ya watu wa kule. Tuchanganyeni. Anayetaka kugombana agombane kwa ajili ya nyekundu na nyeupe, au kijani na njano, rangi ambazo mtu anaweza kuvua usiku akalala.

Na kwa wale wa Simba wanaosoma hapa: 31 kwa 22. Sisi hatujasema kitu.

Tuandikieni chini: kwenu mnashabikia nani, na mtani wenu ni nani?