Homa ya Bonde la Ufa: zizi ndilo huugua kwanza

Kondoo walikufa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, kondoo wapatao 4,700, wakubwa kwa wadogo, waliteketea ndani ya wiki nne. Majike walitupa mimba, na wachungaji nao wakashikwa na homa. Daubney, Hudson na Garnham, waliouchunguza ugonjwa huo, walikuta maini ya mizoga yameoza. Hata waliokuwa wakipima sampuli maabara waliugua. Kondoo walipohamishiwa nyanda za juu vifo vikakoma, na hapo ndipo shaka ilipomwangukia mbu.

Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Katika mabonde yanayotuama maji, mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai udongoni, na mengine hutoka kwa mama yakiwa tayari na virusi. Maji yakikauka, mayai hubaki hai kwa miaka. Ikinyesha mvua kubwa iliyopita kiasi huanguliwa kwa wingi, mbu wakavamia mifugo. Lakini binadamu wengi hawaambukizwi na mbu. Huambukizwa kwa damu: wakichinja, wakichuna ngozi, au wakimzalisha mbuzi aliyeharibu mimba kwa mikono mitupu.

Mwaka 1977 homa hiyo ilivuka Sahara ikaingia Misri, na mwaka 2000 ikafika Saudia na Yemeni. Kabla ya hapo, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliitapakaza kaskazini-mashariki mwa Kenya, Somalia na Tanzania.

Mlipuko wa 2006 na 2007 ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu ulijulikana kabla haujafika. Wataalamu wa Marekani waliosoma joto la bahari na mvua kwa satelaiti walitoa tahadhari mapema. Wafugaji Wasomali wa kaskazini-mashariki mwa Kenya nao hawakuhitaji satelaiti. Wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, yaani damu ya puani, na waliona mvua isiyo ya kawaida, kisha mawingu ya mbu, kisha mbuzi wakitupa mimba. Hata hivyo hatua za serikali zilikuja baada ya watu kuanza kufa Garissa, mwezi Desemba. Uchinjaji ukapigwa marufuku na minada ya mifugo ikafungwa, Idd-el-Hajj ikiwa mlangoni. Tanzania ilifuata mapema 2007: wagonjwa 309 waliorekodiwa, wengi wao mkoani Dodoma, na zaidi ya 140 kati yao hawakupona.

Kwa hukumu yangu, kosa halikuwa la kukosa elimu. Mfugaji alikuwa na habari, ila hapakuwa na mtu wa kuipokea. Chanjo ya mifugo ipo, lakini humfaa mnyama aliyechanjwa kabla ya mbu kuzagaa. Binadamu bado hana chanjo iliyoidhinishwa kutumika kwa umma.

Basi ewe mfugaji, mvua ikipita kiasi na mbuzi wako wakaanza kutupa mimba kwa pamoja, usimchinje anayeumwa ili kuokoa nyama. Usiguse kondo wala kitoto kilichokufa kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Nawe daktari, ukiitwa, nenda.