Serengeti Boys: timu iliyofungiwa na kufunguliwa mlango kwa tarehe ya kuzaliwa

Serengeti Boys ni timu ya taifa ya Tanzania ya wavulana walio chini ya miaka 17. Kaka zao wa chini ya miaka 20 wanaitwa Ngorongoro Heroes, wakubwa kabisa ni Taifa Stars, na dada zao wa umri uleule ni Serengeti Girls.

Msikilizaji, "chini ya miaka 17" haihesabiwi kwa siku ya mechi. Huwekwa tarehe moja ya mwisho. Kwa mashindano ya mwaka 2017, mchezaji alitakiwa awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2000 au baada ya hapo. Aliyezaliwa 31 Desemba 1999 alikuwa nje, hata angekuwa hodari kiasi gani. Siku moja tu. Na historia ya timu hii imeamuliwa na tarehe za namna hiyo karibu sawa na ilivyoamuliwa na mabao.

Mwaka 2005 vijana wetu walifuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia. Hawakucheza. Ilibainika kwamba timu ilimtumia mchezaji aliyezidi umri, Tanzania ikaondolewa na nafasi ikapewa Zimbabwe. Kizazi kizima kikabaki nyumbani kwa kosa la karatasi ambazo vijana wenyewe hawakuzijaza peke yao.

Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Katika kuwania fainali za 2017, Serengeti Boys waliitoa Shelisheli, wakaitoa Afrika Kusini, kisha wakakutana na Kongo ya Brazzaville. Dar es Salaam walishinda 3-2. Brazzaville wakafungwa 1-0. Jumla ikawa 3-3, Kongo wakapita kwa faida ya mabao ya ugenini. Tanzania ikalalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likamwita apimwe, hakufika. Kongo ikaondolewa, Tanzania ikaenda Gabon.

Kipimo chenyewe ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine yenye sumaku. Hupigwa kifundo cha mkono. Mtoto anayekua ana sehemu laini karibu na ncha ya mfupa, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ikionekana imeshaungana kabisa, madaktari huamini mchezaji ameshapita umri. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria.

Gabon ndiko walikokaribia zaidi. Walitoka sare 0-0 na Mali, ambao baadaye walitwaa kombe, kisha wakaifunga Angola 2-1. Tarehe 21 Mei 2017 sare tu dhidi ya Niger ingewafikisha nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia India. Wakafungwa 1-0. Walilingana pointi nne na Niger, wakatolewa kwa sababu ya mechi hiyo waliyokutana. Kocha alikuwa Bakari Shime. Likumbuke jina hilo.

Mwaka 2018 walitwaa ubingwa wa CECAFA kule Burundi. Mwaka 2019 fainali za Afrika zikaletwa Dar es Salaam, na hapo tuliumia: 5-4 kwa Nigeria, 3-0 kwa Uganda, 4-2 kwa Angola. Bila pointi hata moja, nyumbani. Fainali za 2021 za Morocco walifuzu, lakini zikafutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2025, Morocco tena, waliishia hatua ya makundi.

Kwetu Karagwe na Kyerwa jambo hili lina uchungu wake, maana majirani wote wawili wametangulia. Rwanda walicheza Kombe la Dunia la vijana Mexico mwaka 2011. Uganda, walio ng'ambo tu ya mto pale Murongo, walicheza Qatar mwaka 2025.

Waliotufuta machozi ni wasichana. Mwaka 2022 Serengeti Girls waliitoa Cameroon na kwenda Kombe la Dunia, tena India ileile. Walifungwa 4-0 na Japani, wakaishinda Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali walipotolewa na Kolombia 3-0. Kocha wao? Bakari Shime.

Vipaji vya vijijini kwa kawaida huonekana kwanza kwenye UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kuanzia wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Hapo ndipo karatasi huanza kuulizwa. Wazee wetu walizoea kuhesabu kwa matukio: huyu alizaliwa mwaka wakimbizi walipoingia, yule mwaka MV Bukoba ilipozama. Nyumbani inatosha, CAF haiwezi kuisoma. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA kupitia msajili wa wilaya, na tarehe iliyomo ifanane na ya kadi ya kliniki, ya shule na ya pasipoti. Guinea walifika fainali ya Afrika Dar es Salaam mwaka 2019, lakini tarehe za kuzaliwa za wachezaji wao wawili hazikulingana na zile walizozitumia kwenye mashindano ya awali Japani. Kombe la Dunia Brazil mwaka huo walikwenda Senegal.