Bure na Huru: Asili ya Uchaguzi wa Programu za Hifadhidata

Waingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: bure, yaani pasipo malipo, na huru, yaani pasipo bwana. Tena bure ina maana nyingine, kwani kazi ya bure ni kazi isiyo na faida. Historia ya programu za hifadhidata, ambazo ndizo ghala la maandishi ya tovuti, ni historia ya maana hizo tatu kuchanganywa, kisha kutengana.

Mwezi Juni 1970 Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alitoa makala iliyopendekeza kwamba kumbukumbu zipangwe katika majedwali, na mtumiaji aulize akitakacho pasipo kujua mahali kilipowekwa. Kutokana na wazo hilo zilizuka njia mbili. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianza mwaka 1973 kuunda Ingres, ambayo msimbo wake uligawiwa wengine kwa ada ndogo. Kwa upande wa pili, kampuni ya Larry Ellison na wenziwe iliuza programu ya Oracle kuanzia 1979. Stonebraker aliendelea na Postgres mwaka 1986. Chuo kilipoacha kazi hiyo mwaka 1994, wengine waliipokea, na tangu 1996 yaitwa PostgreSQL. Haimilikiwi na kampuni yoyote.

Mwaka 1995 ilitokea MySQL, iliyoundwa na Michael Widenius na wenzake, na makao yake yakawa Uswidi. Ilikuwa nyepesi na ya haraka, nayo ilienea katika tovuti nyingi. Mwaka 2000 ilitolewa kwa leseni ya GPL, ikawa na milango miwili: aliyekubali masharti ya leseni hiyo aliichukua bila malipo, aliyetaka kuitia ndani ya programu aliyoificha msimbo wake alilipa.

Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 kwa kuweka kurasa zake katika mafaili, ilihamia MySQL Januari 2002. Toleo lake la Kiswahili, lililoanza 2003, lilijengwa juu ya msingi huohuo.

Mtihani ulikuja baadaye. Mwaka 2008 kampuni ya Sun Microsystems iliinunua MySQL kwa dola zipatazo bilioni 1, na mwaka 2010 Oracle ikamaliza kuinunua Sun. Hivyo muuzaji mashuhuri wa programu za kulipiwa akawa mwenye ile ya bure. Kama ingalikuwa bure tu, watumiaji wangalibaki mikononi mwake. Lakini leseni iliruhusu yeyote kuuchukua msimbo na kuuendeleza. Kwa hiyo Widenius alikwisha kuanzisha MariaDB mwaka 2009, na mwaka 2013 Wikipedia ikahamia huko.

Haifai, hata hivyo, kuwadharau wanunuzi. Anayelipa hununua pia mtu wa kumwita mitambo inapokwama usiku, ambapo programu huru humdai mtumiaji fundi wake mwenyewe, na fundi hali upepo. Chuo kisicho na fundi chaweza kuona kwamba kilichopatikana bure kimekuwa cha bure kwa maana ile ya tatu.

Lakini kwa mwenye kuhifadhi kamusi au tenzi, bei si swali la kwanza. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Swali la kwanza ni kama maneno ya watu yaweza kutolewa ghalani siku mwenye ghala atakapobadilika. Malipo humalizika kwa mwaka wa fedha; lugha hudai hifadhi ya vizazi.