Ridhaa na Ujira

Lugha yetu humwita mchezaji asiyelipwa "mchezaji wa ridhaa". Ni jina zuri, tena lenye heshima. Ridhaa ni kukubali kwa moyo mmoja, bila kushurutishwa na bila kungoja malipo. Lakini kila nilisikiapo hujiuliza swali moja: ridhaa ya nani? Ya yule anayecheza, au ya yule asiyetaka kumlipa?

Swali hilo limenikaa kichwani tangu nilipoanza kufuatilia habari za mtu mmoja wa mbali sana na kwetu. Anaitwa Apollo Perelini, Msamoa, mchezaji wa raga aliyekwisha kustaafu. Alikuwa mmoja wa wachezaji wa mbele, yaani wale wenye miili mikubwa ambao kazi yao ni kuubeba mpira kifuani na kuingia nao katikati ya ukuta wa watu, kisha kugeuka na kuwaangusha wale wanaokuja. Mashabiki wake walimpa jina la utani la Terminator, na aliyemwona uwanjani hakuuliza sababu.

Huenda msomaji akauliza Samoa inatuhusu nini. Ni visiwa vichache katika bahari ya Pasifiki, na watu wake wote ni wachache kuliko wakazi wa wilaya moja kubwa ya kwetu. Hata hivyo tuna ukoo wa mashaka. Mwaka 1900 visiwa vya magharibi vya Samoa vilitwaliwa na Mjerumani, bwana yule yule aliyekuwa akiitawala Tanganyika. Gavana wake wa kwanza kule, Wilhelm Solf, alikuwa amepitia Dar es Salaam kama hakimu kabla ya kupelekwa Apia. Mwaka 1914 vita vilipoanza, askari wa New Zealand waliviteka visiwa hivyo. Mwaka 1918 watawala hao wapya waliiruhusu meli iitwayo Talune itie nanga ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua. Kwa muda mfupi walikufa watu zaidi ya 8,000, karibu mmoja katika kila watano. Mwaka 1929 waandamanaji wa chama cha Mau, waliodai kujitawala, walipigwa risasi na polisi mjini Apia, na kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III akauawa. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1962. Nchi iliitwa Samoa ya Magharibi hadi mwaka 1997 ilipobaki Samoa tu.

Uhuru hauleti mshahara. Viwanda vya New Zealand vilihitaji mikono, na Wasamoa walikwenda kwa maelfu, wengi wakakaa Auckland. Uchumi ulipoyumba, mikono ile ile ikaonekana imezidi. Kati ya mwaka 1974 na 1976 polisi walikuwa wakigonga milango ya watu wa visiwani alfajiri, wakitafuta waliopitisha muda wa viza zao. Serikali ya New Zealand iliomba radhi rasmi kwa jambo hilo mwaka 2021. Katika mji huo ndimo walimokomaa wengi wa wachezaji walioiletea Samoa sifa.

Sifa yenyewe ilikuja mwaka 1991. Kombe la kwanza la Dunia la raga ya watu 15 lilikuwa limechezwa mwaka 1987, na Samoa ya Magharibi haikualikwa. Mara ya pili ikafika, na tarehe 6 Oktoba 1991 ikakutana na Wales mjini Cardiff, nyumbani kwa watu ambao kwao raga ni kama ibada. Samoa ilishinda kwa 16 kwa 13. Perelini alikuwamo, na jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiwakaba Wawelshi ilikuwa jambo la kutisha. Baadhi ya wenyeji walitolewa uwanjani wakiwa wameumia. Samoa ikafika robo fainali, ambako ilifungwa na Scotland kwa 28 kwa 6. Nahodha wa kikosi hicho, Peter Fatialofa, kazi yake ya kila siku Auckland ilikuwa kuhamisha piano. Dunia nzima ilimpigia makofi, naye akarudi kubeba piano.

Hapo ndipo neno ridhaa linapoanza kunisumbua. Raga ya watu 15 wakati huo ilikuwa ya ridhaa kwa sheria. Viwanja vilijaa, tiketi ziliuzwa, televisheni zililipa, lakini mchezaji alikuwa haruhusiwi kulipwa kwa kucheza. Kisa cha sheria hiyo ni kirefu. Mwaka 1895 klabu zaidi ya 20 za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, zikajitenga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Mtu aliyekwenda kucheza siku ya Jumamosi alikosa ujira wa zamu yake, na klabu zilitaka kumfidia. Mabwana wa London walikataa. Kwao mtu asiyemudu kucheza bure asicheze. Waliojitenga waliweka fidia isiyozidi shilingi sita kwa siku, na baadaye wakaubadili mchezo wenyewe ukawa wa watu 13. Tangu hapo ukajengwa ukuta. Aliyepokea fedha za raga ya watu 13 alifukuzwa maisha katika ile ya watu 15, kama mtu aliyechafuka.

Nilikuwa na binamu aliyechezea timu ya kiwanda kimoja, enzi ambazo soka letu lote lilikuwa la ridhaa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa ghala, na mshahara alioupata ulikuwa wa ghala. Siku za mechi meneja alimwita "mwanangu". Goti lilipovunjika aliambiwa kwamba kucheza haikuwa kazi, bali hiari yake, na kwamba ghala lilihitaji mtu anayeweza kuinama. Hakulalamika sana. Alisema tu, "Kaka, kumbe mimi niliridhia na goti pia." Maneno hayo sijayasahau, na nikisoma habari za Huddersfield huyasikia tena.

Basi tumrudie Msamoa wetu. Baada ya Kombe la Dunia la 1991 kisiwani hakukuwa na neema. Desemba ya mwaka huo huo kimbunga Val kilipiga Samoa, chini ya miaka miwili baada ya kimbunga Ofa, kikavunja nyumba na mashamba. Mwaka 1993 ukaingia ugonjwa wa majani ulioteketeza magimbi, chakula chao na zao lao la kuuza nje. Tena Msamoa si mtu wa peke yake. Ana ukoo wake, aiga, na ukoo una mazishi, harusi na usimikaji wa wazee. Kila moja ina mchango wake, na aliye ng'ambo hukumbukwa wa kwanza. Sisi tunaojua michango hatuhitaji kuelezwa zaidi. Katika hali kama hiyo, kumwambia kijana mwenye mwili wa thamani acheze kwa ridhaa ni kumwambia awe tajiri kwanza.

Perelini alivuka ukuta. Mwaka 1994 alikwenda St Helens, mji wa viwanda vya vioo kaskazini mwa Uingereza, ambao klabu yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizojitenga mwaka 1895. Alikuwa akijua kwamba kwa sheria ya wakati ule mlango nyuma yake umefungwa kwa ufunguo.

Kisha jambo lisilotazamiwa likatokea. Mwaka 1995 kampuni ya televisheni ya Rupert Murdoch iliahidi raga ya watu 13 ya Uingereza pauni milioni 87 kwa miaka mitano, ili ianzishe ligi mpya ya kiangazi. Upande wa pili ukaona wachezaji wake watachukuliwa wote. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, miaka 100 kamili baada ya Huddersfield, wakuu wa raga ya watu 15 walitangaza kwamba malipo ni ruhusa. Ukuta uliojengwa kwa jina la maadili ulivunjwa na fedha katika miezi michache.

Tarehe 27 Aprili 1996 St Helens ilicheza fainali ya kombe Wembley dhidi ya Bradford. Kipindi cha pili ilikuwa nyuma kwa 26 kwa 12. Ikageuza mambo ikashinda 40 kwa 32, na trai iliyowakatia Bradford tamaa, yaani mpira uliowekwa chini nyuma ya mstari wao, ilikuwa ya Perelini. Katika miaka yake pale klabu ilitwaa kombe hilo mara mbili na ubingwa wa ligi mara tatu. Mwaka 2000 ulipokwisha aliondoka, akarejea raga ya watu 15 katika klabu ya Sale. Mlango uliofungwa maisha ulikuwa wazi, na hakuna aliyemwita mchafu. Baadaye alikwenda Falme za Kiarabu, akafundisha vijana, na akawa kocha wa timu ya taifa ya huko.

Sisemi kwamba ujira umemaliza mambo. Tangu mwaka 2020 wachezaji wastaafu wa raga ya aina zote mbili huko Uingereza wamefungua madai, wakisema ubongo wao uliharibika kwa mapigo ya vichwa na kwamba hawakulindwa. Wapo miongoni mwao waliolipwa, na malipo hayakuwarudishia kumbukumbu. Mwili una hesabu yake, na hesabu hiyo huja baada ya makofi kunyamaza. Ila naona tofauti moja. Aliyelipwa ana mkataba, na mwenye mkataba ana mahali pa kudai. Wa ridhaa hana hata karatasi ya kulilia.

Neno ridhaa silichukii. Watoto wanaocheza ufukweni jioni wanacheza kwa ridhaa, na ni furaha kuwatazama. Lakini pale panapokatwa tiketi nataka tuwe waangalifu nalo. Ridhaa ya kweli ni ya mtu anayeweza kusema hapana na bado akala. Asiyeweza kusema hapana hakuridhia, alinyamaza tu.