Kupoza kompyuta ya mezani katika joto na chumvi ya Pwani

KOMPYUTA ya mezani inayotumiwa Malindi, Watamu au mjini Kilifi hukabiliwa na maadui watatu kwa pamoja: joto, vumbi na hewa ya chumvi. Mwezi Machi joto la mchana huko huzidi nyuzi 30 za sentigredi. Kwa kuwa feni husukuma hewa tu wala haiipozi, sehemu za ndani ya kompyuta haziwezi kuwa baridi kuliko chumba chenyewe.

Wengi hudhani dawa ni kuondoa ubavu wa kasha na kuliacha wazi. Huenda joto likapungua kwa muda, lakini vumbi, mijusi na unyevu wenye chumvi hupata mwanya wa kuingia. Prosesa za kisasa hujilinda: zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na joto likizidi kompyuta hujizima. Shaba na lehemu za ubao mkuu hazina kinga kama hiyo dhidi ya kutu.

Lililo bora ni kuipa hewa njia moja. Feni ya mbele iingize hewa na ya nyuma iitoe. Iliyo juu nayo iwe ya kutoa, kwani hewa ya moto hupanda. Feni za kuingiza zikizidi kidogo nguvu zile za kutoa, hewa husukumwa nje kupitia nyufa badala ya vumbi kufyonzwa ndani. Weka chujio linaloosheka mbele ya feni za kuingiza, na ufunge nyaya pamoja zisizibe njia.

Mahali pia ni muhimu. Pepo za Kaskazi na za Kusi zote huvuma kutoka upande wa bahari, hivyo basi usiweke kompyuta mkabala wa dirisha linaloelekea ufuoni. Iinue kutoka sakafuni na uache takriban shubiri moja kati yake na ukuta.

Safisha chujio kila mwezi. Unapopuliza vumbi ndani, chomoa waya wa umeme kwanza na ushike mapanga ya feni yasizunguke. Ikiwa kompyuta bado inajizima, fundi akague feni ya prosesa, na dawa ya kupitisha joto iliyo chini yake, kabla hujanunua feni nyingine.