Simu ya Pweto chini ya sheria ya 1888

Mfanyabiashara wa simu pale Pweto, Luvua inapotoka Ziwa Mweru, anabanwa na sheria iliyoandikwa kabla babu yake hajazaliwa. Ni dekreti ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba, ya zama za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mpaka leo haijafutwa Kongo. Inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyojificha: mnunuzi arudishe mali apewe fedha zake, au abaki nayo na kupunguziwa bei. Sharti lake ni kudai mapema.

Walioitunga walifikiria kasoro iliyokuwamo ndani ya kitu tangu siku ya mauzo. Simu haifuati hesabu hiyo. Yaweza kuuzwa ikiwa nzima, kisha mtengenezaji aliye bara jingine akaitibu au akaidhoofisha kwa sasisho la programu.

Septemba 2, 2016 Samsung walitangaza kubadilisha simu za Galaxy Note7, milioni 2.5 hivi, kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto. Hata walizotoa badala yake ziliungua, na Oktoba 11 wakaacha kabisa kuzitengeneza. Marekani, waliong'ang'ania zao walitumiwa sasisho mwezi Desemba, simu zikagoma kuchaji. Mwaka uliofuata Apple walikiri kwamba sasisho lao lilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Ufaransa iliwatoza euro milioni 25 mwaka 2020, na kosa lililoandikwa ni kwamba wateja hawakuambiwa.

Kobalti nyingi ya betri za namna hiyo hutoka Katanga ya zamani, hasa upande wa Kolwezi. Inauma kuona kwamba onyo la kiwanda halirudi huku. Simu hupita Dubai au Guangzhou, ikaja kwa njia ya Lubumbashi au ikavushwa kutoka Zambia, imeshikwa na wengi na risiti hakuna. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi iliyoanzishwa 1974 kwa jina la OZAC, hukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini sasisho halipiti forodhani. Linakuja kwa mtandao, na gharama yake ni mega za mwenye simu. Anayenunua kifurushi cha siku moja hulizima, hata kama ndilo lingemkinga.

Wapo wanaosema haiwezekani kumfikishia onyo kila mwenye simu. Historia yetu wenyewe inawapinga. Septemba 2020 serikali ilianzisha rejesta ya simu, RAM, chini ya mamlaka ya mawasiliano, ARPTC. Ilielezwa kuwa ni ya kupambana na simu bandia na za wizi. Simu ndogo ya 2G ilitozwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G na 4G dola 7, na makato yalifanywa kwenye salio mtu alipoongeza yuniti. Mama anayeuza samaki akaweka yuniti za kumpigia mteja wake, akakuta zimepungua. Wananchi waliuliza wanalipia huduma gani, vijana wa vuguvugu la kiraia la LUCHA wakaandamana, wabunge wakamhoji Waziri wa mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, mwaka 2021. Mwanzoni mwa 2022 makato yakafutwa.

Nalitaja hili kwa uchungu kwa sababu mitambo ya rejesta hiyo ilifanya kazi. Bonyeza *#06#, utaona namba ya utambulisho wa simu yako, IMEI, yenye tarakimu 15. Kwa namba hiyo kila simu ilitambuliwa na kutozwa. Kenya waliitumia kuzima simu bandia Septemba 30, 2012, Tanzania Juni 16, 2016. Katika nchi zote tatu ilitumika kutoza au kuzima, na mlaji ndiye aliyebeba hasara.

Tarakimu nane za mwanzo hutaja aina ya simu. Kampuni za mtandao zinaziona kila simu inapoungana na mnara. Betri ya aina fulani ikigundulika ni hatari, ARPTC inaweza kuziagiza kampuni hizo ziwatumie wenye simu hizo peke yao ujumbe mfupi wa Kiswahili, bure, bila kumkata mtu yuniti hata moja.